Figo Iliyobaki

Mikono ilikuwa minne, na yote ilikuwa imevikwa nailoni, kama makochi ya nyumba ambayo mwenyewe hapendi wageni wakae. Ilining'inia juu ya kitanda chembamba katikati ya chumba, imekunja viwiko, inasubiri. Nesi mmoja, ambaye kifuani pake paliandikwa Bernadina, alinishika bega akaniambia nisiiogope. Nikamwambia siogopi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeambiwa jambo jana yake mchana, kwenye benchi nje ya wodi, na tangu hapo hakuna kitu kilichokuwa kimenifikia: si baridi ya chumba kile, si sindano ya dripu, wala habari kwamba figo yangu ya pekee ilikuwa inakwenda kufunguliwa kwa mashine.

Dokta Loyce alikuwa kwenye kona, hatua kama sita kutoka kitandani, amekaa mbele ya mtambo mkubwa wenye matundu mawili ya kuchungulia. Alikuwa amevua viatu, anajaribu pedali kwa miguu. Soksi zake zilikuwa za kijani na moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Nazikumbuka soksi zile kuliko ninavyokumbuka uso wake.

"Dada Zuena," aliniita bila kugeuka, "tukimaliza nitakuonyesha hilo jiwe."

"Ukilipenda, baki nalo," nilimjibu.

Watu wakacheka nyuma ya barakoa zao. Mimi sikuwa natania. Daktari wa usingizi akaniwekea kifuniko cha plastiki puani, akaniambia nihesabu polepole. Nilifika saba.

*

Mdogo wangu aliitwa Hiza. Alikuwa bwana shamba huko kwetu Handeni, mtu wa kelele, wa pikipiki na mabuti yenye udongo, ambaye aliweza kusimama shambani kwa mtu asiyemjua akamgombeza kwa kupanda mahindi karibu karibu, na bado akaondoka na mkungu wa ndizi wa zawadi. Figo zake zote mbili zilikufa akiwa na miaka thelathini na miwili. Shinikizo la damu, walisema, ambalo hakuna aliyejua kwamba analo. Tulipimwa watu wanne katika ukoo. Damu yangu ndiyo iliyolingana na yake.

Watu hupenda kuniuliza niliamuaje. Sikuamua. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimeachika siku nyingi, binti yangu wa pekee yuko bweni, na mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo Korogwe, kazi ya kukaa. Nilimpa figo kama ambavyo ningempa nusu ya muhogo wa kuchoma. Tukapelekwa Dar es Salaam, tukalazwa wodi mbili zinazotazamana, na siku ya pili yake nikasikia sauti yake ikitoka ng'ambo ya korido, kubwa kama ya mnadani: "Dada! Nimekojoa!" Wagonjwa wote walicheka. Mwaka mzima kabla ya hapo hakuwa ametoa hata kikombe.

Figo ile aliipa jina. Aliiita Zuena Mdogo. Akipiga simu alikuwa anasema, "Zuena Mdogo anakusalimia, leo amekunywa maji lita tatu." Mkewe, Hafsa, ndiye aliyepanga dawa zake kwenye kijisanduku chenye vyumba vya asubuhi na jioni, dawa za kuuzuia mwili usimkatae mgeni. Hafsa ni msichana wa Kizigua kama sisi, mfupi, mwenye maneno machache, na kwa miaka mitano nilimpenda bila kumfikiria sana, kama mtu anavyoupenda mlango unaofunga vizuri.

Kwangu mimi kilibaki kovu upande wa kushoto, na chini ya kovu sehemu ya ngozi yenye ukubwa wa kiganja isiyosikia kitu. Niliweza kuibana kwa kucha mpaka ikavia damu. Madaktari walisema mishipa midogo ya fahamu ilikatwa, labda itarudi, labda haitarudi. Haikurudi.

*

Siku Hiza aliponiambia habari yake, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na gari kutoka Korogwe lilinifikisha Handeni saa tano. Nilimkuta kibarazani kwa mama, amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Mama alikuwa amekwenda kwenye msiba wa jirani. Hafsa alikuwa jikoni, nasikia mwiko wake kwenye sufuria.

"Imeanza kuvimba lini hii?" nilimuuliza, nikiigusa miguu.

"Dada, kaa kwanza."

"Nakuuliza imeanza lini."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama maji yakitiririka kutoka kwenye bati. "Dawa niliziacha," alisema. "Tangu mwaka jana. Nilichoka. Kila siku asubuhi na jioni, kila siku, nikachoka. Figo yako imekufa, dada. Nimeiua mwenyewe."

Katika kazi yangu nimesikia watu wengi wakikiri mambo. Wengi hukiri wakilia, wengine wakijitetea. Hiza alikiri kama anayesoma karatasi aliyoandikiwa, na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza namna watu wanavyosema, sikusikia hilo. Nilisikia neno moja tu, nilichoka. Nilisimama. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa, nikavivaa hivyo hivyo.

"Basi kaa nayo," nilimwambia.

Hafsa alitokea mlangoni na sahani ya chakula mkononi. Nilimpita.

Hiza alipiga simu baada ya hapo. Siku za kwanza alipiga kila jioni. Niliiweka simu mezani nikaitazama ikitetemeka, ikijisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea ukingoni, hadi iliponyamaza. Baadaye alipiga mara moja kwa wiki. Wiki ya saba alipiga mama, nikapokea, na kabla hajanisalimu nikajua.

Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, na Hafsa alikuwa pembeni amefunikwa khanga. Nilikwenda nikainama mbele yake. Watu walidhani nampa pole.

"Ulijua?" nilimuuliza.

Macho yake yalikuwa makavu kama yangu. "Nilijua," alisema.

Kwa miaka mitatu hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho. Yeye hakurudi kwao. Alibaki pale na mama, akimpikia na kumwoshea. Mimi nilikwenda kumwona mama siku ambazo nilijua Hafsa yuko shambani. Vitu vya mama nilivituma kwa watu wa magari. Sikulia siku ya mazishi, sikulia arobaini, na mwaka ulipopita niliacha kungoja kwamba siku moja nitalia. Nilirudi Korogwe nikaandika. Kuna kitulizo katika kuandika maneno ya watu wengine: ng'ombe ameingia shambani, mume ameondoka, mipaka imesogezwa. Mkono unakwenda, na wewe haupo.

*

Maumivu yalianza upande wa kulia, chini ya mbavu. Mwanzoni yalikuja na kuondoka. Kisha ikaja homa ya mara kwa mara, ya kutetemeka meno, niliyoiita malaria nikainywea dawa. Mkojo ukawa na harufu na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nililiona hilo kila siku na kila siku nilimwaga maji nikatoka chooni. Mtu aliyetoa figo huelekezwa mambo ya kuangalia. Nilipewa karatasi nzima. Nilijua iko droo gani.

Hakimu wetu, mzee Julius, ndiye aliyenisimamisha. Tulikuwa katikati ya shauri la mirathi. Aliweka kalamu chini, akasema mbele ya watu wote, "Karani, nenda hospitali. Hii ni amri ya mahakama."

Hapo Korogwe daktari kijana alinipitishia kipimo cha altrasaundi tumboni na mgongoni, akarudia, akarudia tena.

"Mama, figo ya kushoto siioni. Iko wapi?"

"Handeni," nilimwambia. "Imezikwa."

Aliondoa mkono wake kwenye mashine polepole, kama mtu aliyegusa kitu kisicho chake. Ile iliyobaki, alisema, ilikuwa imejaa jiwe. Si vijiwe, jiwe moja, limeota matawi. Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam siku ile ile.

Binti yangu alikuwa Mwanza, ana wiki mbili tangu ajifungue. Nilimficha. Nilimpigia mama kumuaga tu, nikijua kwamba miguu yake haimfikishi hata msikitini.

"Hafsa atakusindikiza," mama alisema.

"Sitaki."

"Sijakuuliza kama unataka."

Alifika nyumbani kwangu Manundu, hapo Korogwe, kesho yake mchana, na begi moja na ndoo ndogo yenye kifuniko. Alikuwa amekonda. "Shikamoo wifi," alisema mlangoni. Nikaitikia, kwa sababu shikamoo huitikiwa. Asubuhi tulipanda basi. Aliniachia kiti cha dirishani, akanifunga khanga nyuma ya kiuno ili mtikisiko usiniumize, na hadi tunafika Dar es Salaam hatukuzungumza zaidi ya maji na choo. Ndoo, niligundua, ilikuwa ya kutapikia. Alikuwa ameshasafiri na wagonjwa wa figo.

*

Hospitali ile sitaitaja. Wakati huo mashine ilikuwa ngeni pale, na watu walikuwa wanasimama korido kuuliza kama ni kweli kuna roboti linalopasua watu. Dokta Loyce alishazoea maswali hayo. Alikuwa Msambaa wa Lushoto, wa umri wangu, na alipojua tunatoka Korogwe akasema tu, "Basi sisi ni majirani, mimi nikishuka Mombo nimefika kwenu." Akageuza kompyuta ili nione picha.

Figo yangu ilikuwa kivuli cha kijivu. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe, kinene katikati, na vidole vikitokeza kila upande.

"Kama tangawizi," nilisema.

"Nami ndivyo ninavyoliita," alisema. "Sasa nisikilize vizuri. Njia ya kawaida ni kutoboa mgongoni na kulivunja humo humo. Kwa hili lako ningetoboa mara tatu, labda nne, na kila tundu ni damu. Ungekuwa na figo mbili ningekwambia tufanye hivyo. Nataka kuingia kwa mbele, nifungue ule mfuko unaokusanya mkojo, nilitoe kwa matawi yake. Nahitaji mikono midogo isiyotetemeka. Mashine ndiyo itakayonipa."

"Mashine inajuaje pa kukata?"

"Haijui chochote. Haina akili yake. Nikisogeza kidole, inasogeza. Nikiacha, inaacha."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Humo humo chumbani. Unaweza ukanisikia nikikohoa."

Aliniambia pia mengine, bila kuyapunguza. Figo ingeweza kuvuja damu. Ingeweza kugoma baada ya kazi, na ikigoma moja kwa moja, nitakuwa mtu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilisaini. Sahihi yangu ilikuwa nzuri, yenye mkia uliokaa sawa. Nakumbuka niliitazama na kuridhika nayo.

"Jambo la mwisho," alisema, akiandika. "Ile uliyomchangia mdogo wako. Nayo ilipata mawe? Ilikufaje?"

"Haikufa. Iliuawa," nilisema. "Aliacha dawa."

Hafsa alikuwa amekaa nyuma yangu, na begi mapajani. Nilimsikia akivuta pumzi. Dokta Loyce aliandika hilo neno, aliacha dawa, nami nikaona kalamu yake ikilimaliza.

Tukatoka. Tulipofika kwenye ngazi Hafsa alisema amesahau kitambaa chake, akarudi. Alikaa kule muda mrefu kuliko wa kutafuta kitambaa.

*

Benchi lilikuwa nje ya wodi, upande wenye kivuli. Kulikuwa na watu wanaanua nguo za wagonjwa. Hafsa alikuja na vikombe viwili vya chai ya kununua, akanipa kimoja, akakaa akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Wifi," alisema, "nimemwambia daktari afute."

"Afute nini?"

"Alichoandika. Hiza hakuacha dawa. Hakuacha hata siku moja."

Nilikuwa nimeshika chai. Nakumbuka mvuke wake.

"Ulisema ulijua," nilisema.

"Nilijua. Nilichokijua ni hiki. Mwaka ule wa mwisho vipimo vilianza kupanda. Wakabadilisha dawa, wakaongeza, wakampima tena. Wakatwambia mwili wake unaikataa taratibu, na wao hawana tena cha kufanya, na si kosa lake wala la nani. Hutokea. Tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari, aliniambia, Hafsa, dada asijue. Nikamuuliza, asijue vipi, wakati miguu ataiona? Akasema, akijua kwamba alikatwa bure, kwamba figo yake ndiyo iliyonishinda, atakaa na hilo maisha yake yote. Heri anikasirikie. Hasira itaisha."

Alisema hayo akitazama nguo kwenye kamba. Sauti yake ilikuwa ya chini na iliyonyooka. Nadhani alikuwa ameyasema peke yake mara nyingi.

"Aliniapisha," alisema. "Kwa mikono miwili. Siku ile uliponiuliza nilikuwa bado ninacho kiapo. Nilidhani hasira itaisha kweli. Nikangoja. Haikuisha. Lakini leo daktari ameuliza ili akutibu, na umempa jibu ambalo si la kweli. Siwezi kukuacha ukapasuliwa juu ya uongo wangu. Basi. Nimemvunjia ahadi marehemu. Yeye na mimi tutaelewana huko mbele."

Nilijaribu kutafuta kitu ndani yangu. Nilikitafuta kwa makini, kama unavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo unaojua uliuweka. Nilijua kwamba mbele yangu palikuwa na jambo kubwa. Niliweza hata kulipanga kwa mafungu: kwamba alinipigia simu majuma saba, kwamba hakuwa anaomba msamaha, kwamba nilimwacha mtu afe akiwa amenitunza. Maneno yalikuwepo yote. Hayakuwa na uzito. Yalikuwa kama maneno ya shahidi katika shauri la watu nisiowajua.

"Chai yako inapoa," nilimwambia.

Aliinywa. Baadaye jua lilifika kwenye benchi, tukahamia upande wa pili.

*

Walinigusa shavu kuniamsha. Mdomo ulikuwa mkavu na koo linawasha. Nilisikia sauti ya Bernadina ikisema imekwisha, umefanya vizuri, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi. Ilichukua saa nne na nusu, walisema baadaye. Matundu matano tumboni, dogo kabisa lingefunikwa na kifungo cha shati. Dokta Loyce alikuja amevaa viatu sasa, na kichupa kidogo mkononi. Ndani yake kulikuwa na jiwe la rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye matawi mawili marefu na moja lililovunjika.

"Limetoka zima, isipokuwa hiki kidole," alisema. "Nacho nilikifuata."

Nilisema ahsante. Kisha nikamwona akiinama pembeni ya kitanda, akitazama mfuko wa mkojo ulioning'inia pale. Alitazama kwa muda. Ulikuwa mtupu.

"Ilibidi tuifungie figo damu dakika kadhaa," aliniambia. "Imeshtuka. Tuipe muda."

Hakuna aliyesema muda gani. Walinipeleka chumba cha uangalizi, na kwa sababu ya hali yangu wakamruhusu Hafsa akae nami. Alivaa gauni la kijani lililomfika vifundoni, akavuta kiti, akakaa usawa wa ule mfuko na si usawa wa uso wangu. Alitoa daftari la shule kwenye begi na kalamu ya wino. Niliona ukurasa wa kwanza: saa upande wa kushoto, na mbele yake sifuri. Saa saba, sifuri. Saa nane, sifuri.

"Umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Kwa Hiza. Nina madaftari kumi na moja nyumbani."

Muuguzi akija, Hafsa ndiye aliyemtajia vipimo kabla hajainama. Alijua kupapasa mpira kuona kama umekunjika. Alijua kubonyeza mfupa wa muundi wangu kuona kama ngozi inabaki na shimo. Saa tisa sifuri. Nilikuwa nimelala chali nikitazama dari, nikawaza kwa utulivu kabisa kwamba figo zote mbili nilizozaliwa nazo sasa zimekufa, moja kwake na moja kwangu, na kwamba jambo hilo lina aina ya haki ndani yake. Sikuhuzunika. Nilifikiri hata namna nitakavyolieleza kwa binti yangu.

"Wifi," Hafsa alisema.

"Nini."

"Usifike huko."

"Huko wapi?"

"Huko uliko. Hiza naye alikuwa na uso huo. Rudi."

Aliuweka mkono wake juu ya muundi wangu, pale pale alipokuwa anabonyeza, akauacha hapo. Ulikuwa mkono mkavu, wenye sugu za jembe. Nilihisi kila sugu. Sijui kwa nini nalisema hilo, ila ndilo nililohisi siku ile, na sikuwa nimehisi kitu kingine.

Saa kumi na dakika ishirini alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Katika mpira kulikuwa na tone, lenye rangi ya chai ya rangi, limeganda kwenye mpindo. Likateleza. Nyuma yake likaja lingine. Hafsa alipiga magoti sakafuni na gauni lake la kijani, akashika mfuko kwa viganja viwili bila kuuinua, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha matanga, cha mtu aliyekiweka miaka mitatu. Bernadina alikuja mbio akidhani nimekufa. Mimi nilikuwa macho, nawatazama. Nilitaka kumwambia Hafsa kitu. Nilichosema ni: "Andika saa."

Akaandika. Ilipofika saa kumi na moja, mililita kumi na tano.

*

Sikurudi Korogwe moja kwa moja. Mama alitaka nikalale macho yake yanaponiona, basi tukashukia Handeni, na nikapewa chumba cha mbele. Nilikunywa maji niliyopimiwa. Nilikwenda kliniki, na vipimo vya damu vilikuwa vinashuka, polepole, hadi mahali ambapo daktari aliandika neno inaridhisha. Mzee Julius alinitumia ujumbe kwamba karani wa muda ana mwandiko mbaya.

Kaburini sikwenda. Mama hakuniambia niende. Sijui Hafsa alimweleza nini, au kama alimweleza. Siku moja mama alinishika kichwa alipokuwa anapita nyuma yangu, akakiminya kidogo kama anayepima papai, akaendelea na safari yake ya uani.

Mchana mmoja wa wiki ya tatu, mama akiwa amelala, nilitoka na fimbo yangu hadi nyuma ya nyumba. Hafsa alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mbaazi kwenye ungo, akitupa mbovu kwa kuku. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko. Mshono ulivuta, nikangoja upoe. Alinitazama kuona kama nahitaji kitu, akaona sihitaji, akaendelea.

Nilikuwa na swali moja tu na nilikuwa nimelibeba tangu kwenye benchi, ila lilikuwa limelala upande ambao siusikii.

"Hafsa," nilisema. "Zile wiki saba."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Nieleze," nilisema.

"Zote?"

"Zote. Anzia siku ile niliyoondoka."

Aliuweka ungo chini. Kuku wakausogelea na hakuwafukuza. Alijifuta viganja kwenye khanga, kimoja kisha kingine, akatazama kibaraza kana kwamba kuna mtu amekaa pale kwenye mkeka.

"Siku ile ulipoondoka," alisema, "aliniambia nimletee ile sahani yako. Alikuwa na siku nne hajala. Alikula yote, wifi. Akaramba na vidole. Akaniambia, ameamini. Dada amekubali."

Nilishika ukingo wa kizingiti.

"Endelea," nilimwambia.